BWAWA, MAJI BARIDI NA SAMAKI WA MLIMANI
Mambo ya kujua kabla kikundi hakijatumia akiba yake



Tukitembelea vikundi huwa tunaulizwa habari za ng'ombe wa maziwa, kuku, matangi ya maji na vitabu vya hesabu. Mambo hayo tumeyazoea. Lakini kuna kikundi kimoja, kilicho chini ya msitu wa Mlima Kenya upande wa Nyeri, ambacho kilitupa swali geni. Walituuliza: "Tukijenga bwawa mtoni, trauti watanenepa?"

Kikundi hicho kina wanachama ishirini na wawili, kina mama kumi na wanne na vijana wanane. Vijana hupata vibarua vya kuwaongoza wageni wanaokuja kuvua samaki: kuwabebea mizigo, kuwaonyesha njia na kuwavusha kwenye mawe. Mgeni mmoja kutoka Marekani aliwaambia kwamba kwao kuna mto uliokuwa wa tope na maji ya moto wakati wa kiangazi. Likajengwa bwawa. Sasa chini ya bwawa lile maji ni baridi na safi mwaka mzima, trauti ni wengi na wanene, na watu hutoka mbali kuja kuvua. Vijana walichukua maneno hayo wakayaleta mkutanoni. Kikundi kilikuwa na akiba ya miaka mitatu benki. Wakapiga hesabu ya saruji, mawe na fundi, wakaona pesa zinatosha ukuta wa mita mbili u nusu.

Ni lazima tuseme ukweli. Sisi wenyewe tulipendezwa na habari ile. Barua ya kuwaunga mkono tulikuwa tumekwisha kuiandika, ilibaki kutiwa muhuri tu. Aliyetuzuia hakuwa mtaalamu. Alikuwa mama mweka hazina, aliyesimama mwisho wa mkutano akasema, "Mimi nikiacha maji kwenye karai juani tangu asubuhi, saa nane yanafaa kumwogesha mtoto. Sasa haya ya bwawa yatapoaje?" Watu wakacheka, lakini hakuna aliyejibu. Tukarudi ofisini na barua yetu, tukaanza kutafuta jibu. Tuliyoyapata ndiyo haya, na tunayaandika kwa sababu vikundi vingi vilivyo kando ya mito ya mlimani vinaweza kukutana na swali lile lile.

TRAUTI NI SAMAKI GANI?

Trauti si samaki wa asili wa Kenya. Ni mgeni aliyeletwa. Katika mito yetu kuna aina mbili. Wa kwanza ni trauti wa kahawia, ambaye asili yake ni Ulaya. Mayai yake yaliletwa kutoka Uskoti mwaka 1905 na mlowezi Ewart Grogan, na samaki wakatiwa katika mto Gura, milima ya Aberdare. Wa pili ni trauti wa upinde wa mvua, mwenye utepe wa rangi ya waridi ubavuni. Kwao hasa ni mito inayoingia bahari ya Pasifiki, pamoja na ile ya magharibi ya Amerika ya Kaskazini. Kwetu alifika mwaka 1910 kutoka Afrika Kusini. Baadaye, mwaka 1948, kilianzishwa kituo cha Kiganjo karibu na Nyeri cha kuzalisha vifaranga vya trauti. Leo samaki hawa wanajulikana katika mito kama Gura, Chania, Thego, Naro Moru na Burguret.

Waliletwa kwa ajili ya mchezo wa walowezi, wala si kwa chakula cha mwananchi. Ndiyo maana wazee wengi wa mlimani watakuambia kwamba samaki yule ni "wa wazungu." Lakini maji anamokaa ni yale yale tunayokunywa, tunayonyweshea ng'ombe na tunayomwagilia mboga. Habari za trauti, basi, ni habari za maji yetu.

KWA NINI ANATAKA MAJI BARIDI?

Mtu akienda Mombasa au akipanda mlimani, damu yake hubaki na joto lile lile. Samaki si hivyo. Maji yakipata joto naye hupata joto. Trauti huishi vizuri maji yakiwa kati ya nyuzi 10 na 16 hivi za Selsiasi. Yakipita 20 anaanza kutaabika, hali vizuri na hakui. Yakikaribia 25 yuko katika hatari ya kufa.

Sababu kubwa ni pumzi. Samaki huvuta hewa ya oksijeni iliyomo ndani ya maji, na maji baridi hubeba hewa nyingi kuliko maji ya moto. Fikiria chupa ya soda. Ikiwa baridi ukaifungua, gesi hutoka polepole. Ikiwa imekaa juani, ukiifungua inafurika mpaka kwenye nguo, kwa maana soda ya moto haiwezi kushikilia gesi yake. Maji ya mto ni vivyo hivyo. Mahali palipo usawa wa bahari, lita moja ya maji ya nyuzi 10 inaweza kubeba kama miligramu 11 za oksijeni. Yakifika nyuzi 20 hubeba kama 9 tu, na kwa nyuzi 30 kama 7 na nusu. Na huku kwetu juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo kipimo hicho hupungua zaidi. Maji yakipata joto, samaki anahitaji pumzi zaidi wakati ule ule ambapo pumzi inapungua.

Jambo la pili ni mayai. Trauti jike huchimba changarawe kwa mkia wake, hutaga humo na kufunika. Mayai hukaa katikati ya vijiwe, maji safi yakipita na kuyapa hewa. Udongo wa shambani ukiteremka na mvua ukafunika changarawe, mayai hukosa hewa na kufa. Kwa hiyo mto unaweza kuwa baridi vizuri na bado ukakosa watoto wa samaki, kwa sababu ya shamba lisilo na matuta.

KUVUA KWA NZI WA BANDIA

Wengi wetu tumeona wageni wakipunga fimbo ndefu mtoni tukadhani ni mchezo wa kupoteza wakati. Kumbe kuna maarifa ndani yake.

Trauti hula hasa wadudu. Ukigeuza jiwe katika mto safi utaona wadudu wachanga wameshikamana chini yake: wengine bapa wenye mikia mitatu, wengine wamejijengea nyumba ndogo kwa chembe za mchanga. Hukaa majini majuma au miezi, kisha hupanda juu, huota mabawa na kuruka. Baadhi yao huishi siku moja tu wakiwa na mabawa, hutaga na kufa. Wakati wa kupanda juu ndipo trauti hushiba.

Mvuvi basi hufunga manyoya na uzi juu ya ndoano ndogo mpaka ifanane na mdudu. Hiyo ndiyo nzi ya bandia. Kwa kuwa nzi hiyo haina uzito, haiwezi kurushwa kama chambo chenye risasi. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, ambao umetengenezwa uwe mzito kidogo. Mvuvi huupeleka nyuma na mbele hewani mpaka unyooke, kisha huulaza juu ya maji polepole. Nzi sharti ielee ikifuata mkondo kama mdudu wa kweli. Mshipi ukiivuta upande, trauti anatambua na kuiacha.

Trauti hukaa ameelekeza kichwa kule maji yanakotoka, akingoja chakula kiletwe. Kwa hiyo mvuvi mwerevu humkaribia kutoka chini, kwa nyuma, bila kukanyaga kwa kishindo wala kutupa kivuli juu ya maji. Vijana wa kikundi tulichotaja wanajua mambo haya kuliko sisi. Wanajua ni chini ya jiwe gani samaki hujificha, na saa gani ya jioni wadudu huruka. Ujuzi huo ni mali, nao haukununuliwa kwa saruji.

Sheria yetu huitaka leseni kwa kuvua trauti, na nyavu, sumu na chambo cha kawaida havikubaliwi katika mito hiyo. Anayeongoza mgeni ahakikishe leseni ipo, maana akikamatwa mgeni na mwenyeji naye ataulizwa.

MTO ULE WA MAREKANI

Tuliuliza vijana mgeni wao alitaja mto gani. Ni mto Green, katika jimbo la Utah. Bwawa lenyewe linaitwa Flaming Gorge. Ujenzi ulianza mwaka 1958, maji yakaanza kuzuiliwa mwaka 1962, na kazi ikamalizika mwaka 1964. Mgeni hakusema uongo. Chini ya bwawa hilo pana maji ya trauti yenye sifa kubwa.

Lakini tazameni vipimo. Ukuta wake una kimo cha mita 153, karibu mara moja na nusu ya jumba la KICC la Nairobi. Ziwa lililo nyuma yake lina urefu wa kilomita 146 hivi, karibu kama safari ya gari kutoka Nairobi hadi Nyeri. Na nchi ile ina majira ya baridi kali, theluji ikianguka kwa miezi.

Hapo ndipo swali la mama mweka hazina linapata jibu. Katika ziwa lenye kina kirefu, jua hupasha joto maji ya juu tu. Maji ya moto ni mepesi, hukaa juu. Maji baridi ni mazito, huzama chini, na mwanga wa jua hauwafikii huko. Yale ya theluji na ya majira ya baridi hubaki chini kama maziwa katika jokofu, hata juu kukiwa na joto. Mabwawa ya umeme huwa na mlango wa maji uliowekwa chini sana ukutani. Mlango ukifunguliwa hutoka yale ya chini, yaliyo baridi. Tope nalo limekwisha kutulia ziwani, kwa hiyo maji yanatoka meupe. Ndiyo sababu mto uliokuwa wa tope na joto ukageuka kuwa mto wa trauti.

Tena hata huko mambo hayakwenda sawa mara moja. Maji yalitoka baridi kupita kiasi, karibu nyuzi 4 tu, na trauti hawakukua vizuri. Mwaka 1978 ilibidi kuwekwe milango ya kuchota maji kwenye kina mbalimbali cha ziwa, ili wachanganye na kupata joto linalofaa. Kazi kama hiyo si ya fundi wa kijijini.

HASARA AMBAYO MGENI HAKUITAJA

Kuna upande wa pili wa habari hii, na tunafikiri ni wa muhimu kwa kila kikundi kinachopanga mradi.

Mto Green ulikuwa na samaki wake wa asili, baadhi yao wasiopatikana popote duniani isipokuwa katika mito ya bonde la Colorado. Mmoja wao aliweza kufikia urefu wa karibu mita 1.8. Samaki hao walizoea maji ya tope, yanayofurika wakati theluji inapoyeyuka na kupata joto wakati wa kiangazi. Walioupanga mradi waliwaona samaki hao hawana faida. Septemba 1962, kabla ziwa halijajaa, ilitiwa sumu iitwayo rotenoni katika zaidi ya kilomita 700 za mto na vijito vyake, ili kuwaua na kuwapisha trauti. Ni sumu ya jamii ya ile iliyomo katika mmea wa utupa, ambao wazee wetu waliutumia kulevya samaki. Walipanga kuivunja nguvu sumu hiyo kwa dawa mahali fulani, lakini dawa haikutosha. Sumu ikapita mpaka, ikaingia katika eneo la hifadhi ya taifa iliyo chini yake.

Baadaye, mwaka 1973, Marekani ilitunga sheria ya kulinda viumbe vilivyo katika hatari ya kutoweka, na samaki wale wa asili wakaingizwa katika orodha. Mabaki yao yalizidi kusumbuliwa na maji baridi ya bwawa na mafuriko yaliyozuiliwa. Tangu mwaka 1992 wenye bwawa walitakiwa kufungulia maji kwa utaratibu ulio karibu zaidi na ule wa mto wa zamani, ili kuwasaidia. Yaani serikali ile ile iliyowaua samaki kwa gharama inatumia gharama kuwarudisha.

Hatusemi hayo kuwacheka Wamarekani. Tunasema kwamba kila bwawa lina anayepata na anayekosa, na anayekosa mara nyingi ndiye ambaye hakuitwa mkutanoni.

BWAWA LETU DOGO LINGEFANYA NINI?

Sasa turudi nyumbani. Ukuta wa mita mbili u nusu ni tofauti na ule wa mita 153 kwa mambo matano.

Kwanza, kina. Bwawa fupi halina giza la chini la kuhifadhi baridi. Jua na upepo huchanganya maji yote. Ni karai la mama mweka hazina, ila kubwa.

Pili, njia ya maji. Katika bwawa dogo maji hupita juu ya ukuta. Yanayopita juu ndiyo yaliyopata joto zaidi. Bwawa la Utah hupeleka baridi chini ya mto. Letu lingepeleka joto.

Tatu, hewa. Labda mtu atasema, "Basi tuchimbe kina na kuweka bomba chini." Katika nchi yetu isiyo na majira ya theluji maji ya chini hayapoi kama ya huko, na majani, samadi na miti inayooza chini ya bwawa hula oksijeni. Maji ya chini yakinuka kama yai viza, ujue hayana pumzi. Samaki akipelekewa hayo hafaidiki.

Nne, udongo. Mito yetu hubeba udongo mwingi wakati wa masika. Bwawa dogo hujaa upesi. Na ukuta humzuia trauti kupanda kwenye changarawe ya juu anakotagia.

Tano, majirani. Kuna wakulima wa chini wanaotegemea mto ule ule, nao wakati wa kiangazi hugombania kila tone. Huwezi kuzuia mto bila kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji na ukaguzi wa mazingira. Ukuta uliojengwa bila kibali unaweza kubomolewa, na akiba ya miaka mitatu ikaenda na maji.

TULIVYOPIMA WENYEWE

Maneno ya vitabu hayatoshi. Tulirudi kwa kikundi tukiwa na kipimajoto cha maziwa, tulichoazima kwa karani wa chama cha ushirika. Tukagawana kazi: kina mama wakapima, vijana wakaandika.

Asubuhi, ndani ya msitu, maji ya mto yalikuwa nyuzi 13. Saa nane mchana mahali pale pale, chini ya miti, yalikuwa 15. Kilomita tatu chini, mahali ambapo kingo zimelimwa na miti imekatwa, yalikuwa 18. Kisha tukaenda kwenye bwawa dogo la shamba la jirani, lenye ukuta karibu sawa na ule waliokusudia. Yale yanayopita juu ya ukuta yalikuwa nyuzi 24. Kijana aliyekuwa akiandika alisoma mara mbili, akampa mwenzake asome. Hakuna aliyehitaji kuhubiriwa.

Kisha tukageuza mawe. Ndani ya msitu kila jiwe lilikuwa na wadudu wale bapa na wale wa nyumba za mchanga. Chini, karibu na mahali ng'ombe wanywapo na viazi vinapolimwa hadi ukingoni, mawe yalikuwa yamefunikwa tope na tukaona minyoo tu. Kumbe bwawa halikuwa swali la kwanza. Mto ulikuwa tayari unapata joto na tope kwa mikono yetu wenyewe.

Mkutano uliofuata ulikuwa mkali. Vijana walisema kina mama wanawazuilia maendeleo. Mmoja akasema, "Nyinyi mnapanda miche, sisi tutakula miche?" Ni swali la haki na hatukuwa na jibu tamu. Kura zilipigwa: kumi na tano walikataa bwawa, saba walilitaka. Vijana wawili walitoa hisa zao wakaondoka. Sehemu ya akiba ilitumika kuanzisha kitalu cha miti ya asili na mianzi, na kujenga birika la kunyweshea ng'ombe mbali na ukingo. Pesa zilizobaki bado ziko benki. Hatuwezi kusema kikundi kimetajirika. Tunaweza kusema hakijafilisika. Nasi barua yetu ya kwanza tuliichana.

KIKUNDI KINAWEZA KUFANYA NINI?

1. Linda kivuli. Miti na mianzi kando ya mto ndilo jokofu letu. Kanuni za maji za mwaka 2007 zilitaja ukingo wa kuanzia mita 6 hadi 30 usiolimwa, kulingana na upana wa mto. Anzeni na hizo sita. Msipande mikaratusi hapo, kwa sababu inakunywa maji mengi.

2. Zuia udongo juu. Matuta ya fanya juu na mistari ya matete ya ng'ombe husaidia shamba na mto kwa pamoja. Udongo unaobaki shambani ni mbolea. Ukifika mtoni ni kaburi la mayai.

3. Pima kila mwezi. Chagueni mahali patatu, siku moja ya mwezi, saa nane mchana. Pimeni joto, geuzeni mawe kumi, andikeni mlichoona. Baada ya mwaka mtakuwa na daftari la kuonyesha ofisi yoyote. Mwenye daftari husikizwa kuliko mwenye kelele.

4. Jiungeni na wengine. Kuna vyama vya watumiaji maji chini ya sheria ya maji, na vyama vya jamii vya kuhifadhi msitu vilivyotambuliwa tangu sheria ya misitu ya mwaka 2005. Humo ndimo wa juu na wa chini wa mto hukutana kabla hawajagombana.

5. Waongozaji wawe na utaratibu. Bei iandikwe, zamu igawanywe kwa haki, na sehemu ya kila malipo iingie mfuko wa kikundi. Mwenye shamba ambalo wageni hupita aelewane nanyi mapema. Mfundisheni mgeni kumrudisha samaki vizuri: alowanishe mikono kwanza, asimminye, amshike kichwa kikielekea mkondo mpaka aogelee mwenyewe. Maji yakipita nyuzi 20 mwambieni aache kuvua, kwa sababu samaki aliyechoka katika maji ya joto hufa hata akirudishwa.

6. Kufunga nzi. Kina mama wengi wametuuliza kama wanaweza kutengeneza nzi wa bandia. Inawezekana. Hapa Kenya kuna karakana zinazofunga nzi hao na kuwauza ng'ambo, na manyoya ya shingo ya jogoo ni moja ya vifaa vyake. Lakini ni kazi ya macho na subira, na kila nzi lazima afanane na mwenzake. Tafuteni mnunuzi kwanza, mpate sampuli na bei kwa maandishi, kisha ndipo mnunue vifaa. Msianze na mkopo.

7. Msihamishe samaki. Kumchukua trauti ndani ya ndoo na kumtia katika mto mwingine bila idhini ni kosa. Mto Green umetuonyesha jinsi samaki mmoja anavyoweza kuletwa kwa gharama ya mwingine.

MWISHO

Mama mweka hazina hakusoma habari za oksijeni. Alikuwa na karai, jua na akili ya kuuliza. Mradi ukiletwa kwenu kutoka mbali, msiukatae kwa sababu ni mgeni, wala msiukubali kwa sababu umefaulu kwao. Ulizeni: huko walikuwa na nini ambacho sisi hatuna? Na kuna nini ambacho hatukuambiwa? Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na saruji ikishakauka haisikii majuto.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Mto au chemchemi yetu ilikuwaje miaka ishirini iliyopita? Waulizeni wazee. Ni nini kimebadilika, na kwa mikono ya nani?

2. Je, kuna mradi tuliowahi kuiga kutoka mahali pengine? Ulifaulu au ulianguka? Kwa nini?

3. Nani hutumia maji haya chini yetu? Tumewahi kukaa nao kikao?

4. Yule kijana aliuliza, "Sisi tutakula miche?" Kikundi chetu kingemjibu nini?